Mlango Aliopewa Ursula Tansley

Jirani yetu hapa Southwark, ng'ambo ya mto mkabala na London, Ursula Tansley, hakuwa mtu wa kesi. Alikuwa akioka mikate ya tangawizi, na mumewe, Ambrose, alikuwa seremala. Nyumba yao waliiweka rehani wakanunua mbao za kujengea jumba la michezo ya kuigiza. Gideon Sparke, muuza vitambaa, akatoa kiwanja. Wakapeana mikono mbele ya majirani, bia mezani: mapato ya roshani, kule juu wanakokaa watazamaji, nusu kwa nusu. Hati hawakuandika. Nani anaandikiana hati na rafiki yake?

Ambrose alipofariki, Sparke akasema kiwanja kina jina lake, kwa hiyo hata misumari ni yake. Nusu ya Ursula ikakatika, na mwenye rehani akaanza kubisha hodi.

Mjane akashtaki. Alihangaika na mahakama za Westminster mpaka majaji wakaamuru kwamba, kesi ikisubiri, akae na mtungi wake kwenye mlango wa roshani wa mashariki, na nusu ya peni zitakazoingia humo ziwe zake. Mtaa mzima tulishangilia. Kumbe!

Mtungi wa mapato ni wa udongo, hauna mdomo ila upenyo wa kupitisha peni, na onyesho likiisha huvunjwa mbele ya wenye hisa wote, asije mtu akachomoa. Siku ya kwanza Ursula aliketi mlangoni na kofia yake ya kanisani. Hakuja mtu. Huku juu roshani imejaa, watu wanapasua njugu! Sparke alikuwa ametoboa ukuta wa magharibi akajenga ngazi nyingine.

Mtungi ukavunjwa kwa heshima zote. Vigae vitupu.

"Pole, mama," Sparke akamwambia. "Labda mchezo wa leo haukupendwa."

Kesho yake Ursula akaenda kuketi katikati ya ngazi mpya.

"Anayetaka kupanda anikanyage," akasema. "Mimi sibanduki."

Watu wakasita, kisha wakaanza kutumbukiza peni kwenye mtungi wake. Sparke akaita askari. Na mahakama ikasema nini? Kwamba mjane amevunja amri: alipewa mlango wa mashariki, akauacha. Aliyetoboa ukuta akarudi kwake kula nyama. Aliyeibiwa akapelekwa gerezani. Haki gani hiyo?

Mimi na mama tulipompelekea mkate, hakulia. Alituagiza tuuze kitanda chake, wakili wake alipwe na kesi iendelee.

"Nikiweza kulala chini hapa," alisema, "na nyumbani nitaweza."