Ua la Bendera ya Zamani

Kosa langu la kwanza kama mchumba lilikuwa kutaka kujua ua la taifa letu. Katika picha iliyofifia ya bendera ya zamani niliona mmea, nikauchora kwa petali nyekundu, nikafuta na kurudia mpaka ukapendeza. Siku ya kuposa, kule mtaani Ngagara, nikamkabidhi mchoro huo baba wa mchumba wangu.

"Ndilo ua la nchi yetu, baba."

Mzee aliutazama, akacheka mpaka akakohoa.

"We mukwe, iyi maua apana, ni mtama! Siku walitoa mfalme, walitoa na ngoma yake kwa bendera, mtama ikabaki." Akanisogezea chungu cha pombe ya mtama na mrija. "Haya, kunywa ua lako."

Binti nilipewa. Tangu hapo sichori mmea ambao sijaushika.