Chupa ya Tatu

Nilipewa daftari kwa majaribio ya wiki mbili. Nilikuwa nimeishia darasa la nane, na hadi leo ninaandika polepole, herufi moja moja. Daktari, mwalimu wa chuo kikuu aliyetuajiri, alisema nikishindwa nitarudi kubeba mbao. Mwaka ule sikutaka kitu kingine chochote kama nilivyolitaka daftari lile.

Kazi ilikuwa kwenye kinamasi nje ya Ruiru. Kwa miaka mingi watu walichimba pale udongo mweusi, ule mwepesi unaotokana na mafunjo yaliyooza, wakaupeleka Thika kwenye vitalu vya maua. Yakabaki mashimo makavu. Udongo uliosalia, Daktari alitueleza, ulikuwa ukigeuka hewa kidogo kidogo na kupotea. Basi akaziba mtaro kwa magunia ya mchanga, maji yakarudi, tukapanda mafunjo upya. Sasa tulitaka kujua kama kinamasi bado kinaitoa hewa ile ya kaboni, au kimeanza kuimeza.

Tulifunika majani kwa boksi la plastiki angavu. Kila dakika tano nilivuta hewa ya ndani kwa sindano, nikaitia kwenye chupa ndogo, nikaandika saa. Chupa nne, ya kwanza mara tu boksi lilipofunikwa. Kisha tulifunika boksi kwa kitambaa cheusi na kuanza tena, kwa sababu majani huila hewa hiyo yakipata mwanga, na gizani huitoa tu. Onyo kubwa lilikuwa moja: usishuke kwenye ubao tuliotandika juu ya tope ili kusimama. Ukikanyaga tope unaikamua hewa iliyolala chini, nayo inaingia kwenye boksi.

Wanawake waliokuja kukata nyasi walitucheka.

"Mnakidunga sindano? Kwani kina malaria?"

"Kesho tunakilaza wodini," alijibu mwenzangu, mwanafunzi aliyekaa hosteli za Kahawa Wendani. Mimi niliinamia daftari. Akanigeukia. "Na wewe siste, hiyo kalamu inatembea kama kinyonga."

Siku ya nne cucu mmoja, bibi mzee aliyeishi karibu na kinamasi, alikuja hadi ukingoni na mkongojo wake. Akanisalimia, akaninyooshea mkono. Dakika ya tisa ilikuwa inaisha. Kwetu huwezi kuacha mkono wa cucu ukining'inia, na kwa haya zangu sikuweza hata kufungua kinywa nimwombe asubiri. Nikashuka. Tope likanifika magotini, mapovu yakapanda ndani ya boksi kama uji unaochemka. Cucu alinishika kwa mikono miwili, akauliza habari za mama, za shamba, za mbuzi wetu mwenye mimba.

Niliporudi ubaoni, ilikuwa dakika ya kumi na tatu.

"Andika kumi," mwenzangu alininong'oneza. "Nani atajua? Ukiandika ukweli, daftari limeenda."

Nilijua. Nilijaza chupa ya tatu, kisha nikaandika: "Chupa ya tatu, dakika ya kumi na tatu. Nilishuka ubaoni kumsalimia cucu. Mapovu yalitoka." Maneno hayo yalinichukua muda hata chupa ya nne nayo ikachelewa. Nikaandika hilo pia.

Wiki iliyofuata Daktari alirudi na karatasi za maabara. Alipekua daftari hadi kidole kikasimama kwenye ukurasa wangu.

"Chupa hii ilitusumbua," alisema. "Tulidhani mashine imeharibika. Kumbe ni salamu."

"Pole, Daktari."

"Mbona hukumwambia angoje?"

"Ni cucu."

Akatikisa kichwa, akacheka. "Hata mimi ningeshuka." Akaifuta seti ile yote kwa mstari mwekundu. "Hii tutapima upya. Hizi nyingine nitaziamini." Kisha akamwambia mwenzangu, "Wewe shika saa, umwitie dakika. Daftari ni lake mpaka mvua ziishe."

Mvua zilipokwisha, karatasi mpya zilifika. Mwenzangu alizisoma kwa sauti, nami nikazinakili. Kwenye boksi lililopigwa na jua, hewa ya kaboni ilipungua toka chupa ya kwanza hadi ya nne. Majani yetu yalikuwa yanakula. Alisoma haraka kwa furaha, akaniacha nyuma.

"Ngoja," nilisema, kwa sauti iliyosikika hadi ukingoni. "Rudia ya pili."

Akangoja, akairudia.