Vidonge vya Kunenepa

Nilikuwa nauza dawa katika duka letu dogo la Butembo, na mdogo wangu alikuwa bondia. Alijua kupigana, lakini alikuwa mwembamba, na mpinzani aliyepangiwa, mtu wa Beni, alikuwa wa uzito wa juu. Basi nikampa vile vidonge ambavyo wasichana wa kwetu humeza wanenepe kabla ya harusi. Nilikuwa nikiviuza kila siku bila karatasi ya daktari.

Baada ya miezi mitatu shingo ilijaa, mashavu yakavimba. Siku alipopimwa kwenye mizani ya magunia ya kahawa, ambako mabondia wetu wote hupimwa, waendesha pikipiki waliokuja kutazama walipiga kelele.

"Ule wa Beni atalala ku raundi ya pili!"

"Ya pili? Ya kwanza tu!"

Nami, mjinga wa mwisho, nikajivuna.

Siku tatu kabla ya pambano alikuja dukani anahema.

"Yaya, mukubwa wangu, batu ya Beni banataka batupime mukojo. Bakikuta dawa, batanifukuza mu boxe."

"Tupa yote leo," nikamwambia. "Usimeze tena ata moja."

Ndani ya kila pakiti mna karatasi ya Kifaransa inayosema wazi kwamba dawa hiyo huachwa polepole. Nilikuwa naitupa bila kuisoma.

Mkojo haukupimwa. Hakuna aliyekuwa na mashine ya kuupimia; yalikuwa maneno ya kumtisha tu. Njia nzima ya kwenda Beni mdogo wangu alitapika, nikasema ni woga. Raundi ya kwanza haijafika katikati, aliguswa begani tu, akaanguka, na hakuinuka. Watu wakacheka. Niliwachukia wote.

Kesho yake hospitalini, serumu ikimwingia mkononi kwa mpira, alifungua macho. Daktari akayabonyeza yale mashavu yaliyovimba, kisha akatugeukia, mama na mimi.

"Nani alimuambia aache dawa mara moja? Kuiacha vile ndio kulitaka kumuua."

Nilitaka kusema. Nilifungua hata mdomo. Mdogo wangu akanitazama, kisha akamtazama daktari.

"Ni miye mwenyewe, docteur. Nilizinunua ku soko, nikaziacha."

Mama akaanza kumgombeza palepale kitandani, nami nikamwacha amgombeze.