Korosho Niliyoing'ata kwa Meno

Waliotupangia shule enzi zile za Ujamaa hawakumuuliza mtoto anapenda wapi. Wa Njombe alipelekwa Mtwara, wa Mtwara akapelekwa Musoma, ili taifa lifahamiane. Mimi nilikuwa binti wa karani, nimezoea sweta na baridi ya Njombe, nikaletwa kidato cha tano kwenye joto ambalo hata shuka lilinielemea. Nilinuna. Sisemi nilihuzunika, nilinuna, na aliyenisemesha alijuta.

Muhula wa kwanza tu nilikwenda kumwomba mkuu wa shule anihamishe. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema nafasi ikipatikana shule ya wasichana ya kwetu, ataniita. Basi kila kengele ya alfajiri ilinikuta nikiomba iwe leo. Tulikimbia mchakamchaka tukiimba hadi karibu na mtaa wa Rahaleo mjini Mtwara, tukarudi kufagia, kuchota maji, kunywa uji, kuingia darasani. Katika yote hayo mimi nilijihesabu msafiri. Sikubandika hata picha ukutani.

Kwenye kitanda cha chini yangu alilala msichana wa Nanyamba, mmoja wa wachache waliopangiwa mkoani kwao, mtoto wa wakulima wa korosho. Nilikuwa napanda kitandani bila kumtupia neno, naye hujibu kana kwamba nimemuaga: "Haya dada, na wewe ulale salama." Alinikera kwelikweli. Nikiusukuma ugali wa muhogo mezani, yeye huurudisha mbele yangu. "Kula, dada. Njaa haiulizi kwenu wapi."

Msimu wa korosho ulipofika, Jumamosi zetu zikawa za shamba. Elimu ya kujitegemea haikuwa wimbo tu. Shule ilikuwa na mikorosho yake, na vibarua tulikuwa sisi. Kwetu korosho nilizijua zikiwa zimeshakaangwa, nyeupe, za kuletwa na mgeni wakati wa Krismasi. Jumamosi ya kwanza nililila bibo, tunda la mkorosho, tamu lakini lakwaruza koo, kisha nikaitazama korosho yenyewe iliyoning'inia chini yake ndani ya ganda. Ningeweza kuuliza. Lakini aliyenuna anamuuliza nani? Nikaliweka ganda kati ya meno, nikaling'ata kwa nguvu zangu zote.

Msichana wa Nanyamba alipiga kelele kabla yangu. "Tema! Tema! Haing'atwi hiyo, ntoto wa bara weee!"

Lile ganda lina mafuta yanayounguza ngozi, jambo ambalo mtoto yeyote wa huko analijua kabla hajaota meno. Jioni midomo ilikuwa imejaa malengelenge, na kulipokucha uso mzima ulikuwa umevimba, nikijitazama kwenye kioo sijitambui. Muuguzi wa shule aligeukia dirishani kwanza ili amalize kucheka, ndipo akaniambia ngozi itabambuka na nitapona.

Miaka ile kila kitu kilikuwa cha foleni, sabuni, sukari, mafuta. Lakini wasichana wale niliowanunia mwaka mzima walikuja kitandani kwangu, kila mmoja na tone lake la mafuta ya nazi alilokuwa amebakiza kwa ajili ya nywele. Walinipaka taratibu kwa unyoya wa kuku. Ugali haukupita mdomoni, kwa hiyo wa Nanyamba aliomba moto jikoni, akanikorogea uji mwepesi wa muhogo na karanga, akaninywesha kwa kijiko.

"Kunywa, bi harusi," alisema. "Leo pumzika, mdomo unanuna wenyewe."

Nilicheka. Lengelenge likapasuka, nikalia kwa maumivu, wao wakazidi kucheka, nami nikacheka tena huku nalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nifike. Nimetunzwa na watu wengi maishani, wengine kwa kulipwa, lakini sijawahi kutunzwa vile, na shukrani ninayowapa leo ni ndogo kuliko waliyostahili.

Kabla uvimbe haujaisha, mkuu wa shule akaniita.

"Nafasi yako imepatikana," alisema. "Kesho kuna lori linakwenda Songea. Ukifika huko, kwenu si mbali."

Neno hilo ndilo nililolisubiri mwaka mzima. Nikatikisa kichwa.

"Huwezi kusema, au hutaki kwenda?"

"Sitaki, mwalimu."

"Nikimpa mwingine nafasi hii, hairudi tena. Unanielewa?"

"Naelewa, mwalimu."

"Haya. Kilichovimba nadhani si mdomo peke yake, hata moyo," akasema, akaniruhusu niondoke.

Habari za shuleni zina miguu. Nilipofika bwenini nilikuta wenzangu wameshanifungia mizigo. Sare zilikuwa zimefuliwa na kunyooshwa, viatu vimepigwa rangi, na msichana wa Nanyamba amekalia kifuniko cha sanduku langu la bati kwa sababu kilikataa kufungika. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Lori linaondoka saa ngapi, dada?" aliuliza bila kunitazama.

"Mimi sijui. Kamuulize anayesafiri."

Yeye akaniangalia, akaliangalia sanduku, akashuka taratibu.

"Sasa si ungesema mapema?" alifoka. "Nimekunja nguo zote hizi peke yangu!"

Akafungua kifuniko, akaanza kuzitoa moja moja na kuzirudisha kitandani kwangu, huku akinigombeza, na machozi yakimtiririka.