Pia ya Haitham na Gundi Yangu

Chekeni kabisa sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa: mimi niliwahi kusimama mbele ya ukoo mzima, Idi Pili, mkono umegandana na mchezo wa watoto, na yote hayo kwa sababu ya wivu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, watoto wa Maskati sote tulirukwa na akili kwa ile katuni ya Kijapani ya pia za kushindana (pia za kuzunguka, ila hizi unazitia kwenye kifyatulio, unazifyatua kwa kuvuta mkanda wa plastiki wenye meno). Baba akaahidi kwamba kati yangu na Haitham, mtoto wa ami yangu, atakayetangulia kuhifadhi Juzuu Amma atamletea pia ya asli kutoka safarini. Haitham akahifadhi. Mimi nikakwama njiani (katuni ilionyeshwa saa za chuo cha Kurani, mlitaka nifanyeje?). Basi baba yangu mzazi akampa mtoto wa nduguye pia ya chuma inayong'ara, mimi nikapewa kanzu, dishdasha. Nilimwonea Haitham wivu mpaka chakula kikawa hakinipiti.

Idi ile tukawa Bawshar kwa ami, ikasemwa tushindane baada ya chakula, baba awe mwamuzi. Pia yangu ilikuwa ya bandia, ya sokoni Ruwi, nyepesi kama kifuniko cha chupa. Nikajifungia chooni nikaibandika chubwi, ile risasi ya mshipi wa kuvulia, kwa gundi kali, iwe nzito, impige Haitham, baba aone. Hilo tu nililolitaka, baba aone. Kwa haraka zangu sikuisubiri gundi ikauke, wala sikuifuta vidoleni.

Uwanja wetu ulikuwa sinia la biriani, limeshaoshwa, katikati ya majlis, wageni wanakula halua na bibi anapitisha chetezo cha udi. Baba akahesabu, tukafyatua, ya Haitham ikatulia inazunguka, yangu ikaruka nje ya sinia, chubwi likachomoka likazama kwenye bakuli la halua, pia yenyewe ikapiga chetezo, makaa yakamwagika juu ya zulia jipya, bibi akapiga ukelele, "Zulia langu! Leteni maji!" na ami (maji yako wapi?) akamwagia birika zima la kahawa.

Baba akalichopoa chubwi. "Hili la nani?"

Mimi nikajitia kulitazama zulia.

"Langu, ami," akasema Haitham.

Baba akanigeukia mimi. "Na wewe, hicho kifyatulio mbona hukiachi?"

Nitakiachaje na kimeniganda! Nikavuta, kikakataa, nikavuta tena, wageni wote wakacheka, hata bibi aliyekuwa analilia zulia lake.

Jikoni, Haitham ndiye aliyenipaka mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja, polepole. Kisha akatoa pia yake mfukoni.

"Chukua. Mi ntapata nyengine."

Mtasema moyo wangu ulilainika. Wapi! Nilimhusudu na ule wema wake, kwa nini na huo awe nao yeye? Na zawadi nikaipokea.

Nimeapa kumwomba radhi. Kila Idi nnaondoka nyumbani nimeshajipanga maneno, na kila Idi nnamkuta kakaa ubavuni mwa baba, wanacheka wawili, basi nnaahirisha.