Msiro wa Mke Wangu na Nafasi ya Mwimbaji wa Roki

Najua mpaka leo nikipita pale sokoni Palma mnabana vicheko, basi bora niseme mwenyewe: mimi ndiye yule mtu mzima, baba wa watoto watano, aliyesimama jukwaani uso mweupe pe, kapulana, kanga ya huku kwetu, imemfunika kichwa, Bi Zainabu, kungwi wetu, kamshika mkono anamwongoza kama mwali anayetolewa unyagoni, na uwanja mzima unashangilia. Aibu ile sina pa kuiweka.

Mambo yalianza kwa kutafuta mwimbaji. Bendi yetu inapiga roki, nyimbo za ng'ambo tulizozishika kwa kusikiliza tu, na mwimbaji wetu wa zamani, tangu tulipokimbia vita, alibaki Pemba, ile ya huku Msumbiji, hakurudi. Mimi napiga besi. Siku ile ya kukimbia wenzangu walibeba magodoro, mimi nikabeba spika ya bendi kichwani mpaka ndani ya mikoko (nyumba yangu iliungua, spika ikapona), kwa hiyo nilihesabu nafasi ya kuimba ni yangu, ya nani tena? Akaja Armando.

Armando ni karani wa serikali aliyeletwa kutoka kusini, shati limenyooka, Kiingereza kasoma, sisi tulipokuwa tunakimbia yeye hata Palma haijui. Siku aliyokuja mazoezini nilimwomba Mungu kijana awe na sauti ya mbuzi. Hakuwa nayo. Alipaza sauti mpaka mke wangu, Mama Zaituni, aliyeniletea chakula, akabaki kasimama na sahani mkononi. Halafu ananiita "tio", yaani mjomba, mimi!

"Calma, tio, tulia," akaniambia nilipomkosoa namna ya kushika mikrofoni. "Jumapili watu wachague wenyewe."

Ikapangwa hivyo: alasiri, uwanjani, kila mmoja wimbo mmoja, atakayeshangiliwa zaidi ndiye.

Hapo Anli, mpiga gitaa wetu, akanifuata. Akanionyesha kwenye simu wazungu wa roki waliojipaka nyuso nyeupe. "Kwa sauti humuwezi, Selemani. Muwahi kwa sura." Nikajaribu unga wa muhogo, jasho likaufanya uji. Anli akacheka weee, akasema, "Si uchukue msiro wa mkeo? Ule haushuki."

Sasa nani hapa kwetu hajui kuwa msiro, ule mti unaosagwa kwa maji juu ya jiwe, ni wa wanawake, na mwali akitolewa ndio hupakwa uso mzima? Nilijua. Lakini wivu ulikuwa umenikaa hapa kooni, nikajisemea kwa mbali wataona rangi tu. Mke wangu yuko shamba, nikasaga mwenyewe, nikajipaka mzito kama nakandika ukuta.

Armando kaimba kwanza, akashangiliwa. Nikapanda mimi. Msiro ulishakauka, uso umenibana, mdomo haufunguki hata kupitisha tambi, ubeti wa kwanza nikauimbia puani. Vigelegele! Wauza bajia wote wameinuka! Nikamtupia Armando jicho la pembeni (umekwisha, kijana), nikazidisha kutikisa kiuno, nikafika pale pa kupaza sauti nikaachama kwa nguvu, shavu zima la msiro likabanduka likaangukia besi. Ndipo nikasikia wanachosema.

"Mwali katoka! Mwali katoka!"

"Inamisha macho, mwanangu, mwali haangalii watu!" Bi Zainabu huyo, kashapanda na kapulana yake. Chande, mpiga ngoma wetu, mshenzi yule, akaacha roki akaingia mdundo wa unyago, na uwanja ukaitikia kama umefanya mazoezi mwezi mzima. Nyuma kabisa nikamwona mke wangu, jembe begani.

"Baba Zaituni," akasema nilipofika nyumbani, "hata mimi siku ya harusi sikupakwa hivyo."

Armando kapewa nafasi, Jumamosi wanakwenda kupiga muziki kule Olumbi. Mimi nimeapa, jukwaani sipandi tena nikiwa na wivu na mtu. Lakini kuna jambo. Juzi nilimuuliza Bi Zainabu: mtu anakwenda kusikiliza roki, anabebea nini kapulana mpya, bado ina mikunjo ya dukani? Akaangalia chini. "Niliambiwa nije nayo, mwanangu. Niliambiwa kuna mwali."

Anli, Jumapili njoo uwanjani, watu wakiwepo, Armando akiwepo, useme nani alimwambia Bi Zainabu. Usinitumie mtu. Njoo wewe.