Kwa Nini Machage Anarudisha Samaki

Dorah wa Makoko, pale Musoma mjini, jambo likimwasha hatulii mpaka alijue. Lililomwasha mwezi ule lilikuwa la mdogo wake, Machage. Kila asubuhi aliondoka na mshipi, ndoano na kopo la nyungunyungu, na kila mchana alirudi mikono mitupu.

Machage si mvuvi. Ni mfugaji wa Mugeta, kule Bunda, na ukame ulimmalizia ng'ombe wote kumi na mmoja. Tangu hapo aliacha kuongea, usingizi ukamkimbia, chakula akawa anakitazama tu. Mkewe, Judith, akamleta kwa Dorah mjini. Daktari alimpa dawa, akamshauri pia atafute shughuli ya mikono, ndipo Dorah akamnunulia ndoano. Aliogopa kwamba mdogo wake angenyamaza hivyo hivyo mpaka kaburini.

Sasa chambo kinakwisha na samaki haonekani, lakini wiki hii Machage ameomba kuongezewa ugali. Kuna nini huko ziwani? Kuuliza si ujinga, akamwuliza Fredi, mvuvi jirani.

"Mbona anavuaga vizuri tu, mama," Fredi akacheka. "Ila wote anarudishaga majini. Sisi tunamshangaaga."

Anarudisha samaki, na kitoweo chenyewe kinasumbua! Kesho yake Dorah alijifunga kanga, akamfuata, akajibanza nyuma ya jiwe kama mwizi wa kuku.

Machage alivuta furu mdogo, akamnasua taratibu, akamshusha majini kwa mikono miwili.

"Madoa," akasema, "kanywe."

Akaja mwingine. "Pembe Moja, kanywe."

Dorah aliwajua ng'ombe wale kwa majina. Machozi yakamtoka, akasahau kuwa amejificha, akaenda kuketi kando yake.

"Lambo lilikauka, Dada," Machage akasema bila kugeuka. "Nilikuwaga nawapeleka kila siku. Siku ile walinifuata mpaka kwenye matope, wakasimama wananiangalia mimi."

Tangu afike hakuwahi kusema maneno mengi hivyo.

Mshipi ukakaza. Safari hii alikuwa sato mnene, wa kujaza sufuria. Dorah akasubiri jina. Machage alimgeuza huku na huku, akamtazama mdomo, akamtazama mkia, kama mnunuzi mnadani.

"Huyu sijamfuga," akasema. "Kamkaange."